Shingo, Tumbo na Pumzi: Mizani Peke Yake Haitoshi

Katika lugha yetu mtu alalaye fofofo husemwa kuwa amelala usingizi wa pono. Na akikoroma hata majirani wakasikia, watu wa nyumbani hucheka na kusema kwamba mzee amechoka, mwacheni apumzike. Kadhalika, mtu aliyenenepa na kuota kitambi husifiwa kwamba mambo yake yamenyooka. Madhumuni ya makala haya ni kuzihoji imani hizo mbili kwa pamoja, kwa kuwa sayansi imekwisha kuonyesha kwamba aghalabu kitambi na mkoromo ni dalili za tatizo moja. Zaidi ya hapo, nakusudia kutoa hoja kwamba namna tunavyoufundisha unene katika shule zetu, yaani kama suala la uzito tu, haitoshi. Na kwamba upungufu huo una gharama, ambayo sehemu yake inalipwa na mtoto anayesinzia darasani.

Kwanza tueleze maradhi yenyewe. Wataalamu huyaita apnia ya usingizi, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni kutokuwa na pumzi. Ziko aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, ambayo si ya kawaida sana, ubongo wenyewe huacha kwa muda kutoa amri ya kupumua. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo tunayoizungumzia hapa, amri hutolewa kama kawaida, kifua na tumbo huhangaika kuvuta hewa, lakini hewa haipiti kwa sababu njia imeziba kooni. Mkoromo hupanda, kisha ghafla hukatika. Kimya hicho huweza kudumu sekunde 10, 20, pengine hata zaidi ya 30. Kiasi cha oksijeni katika damu hushuka. Ubongo hushtuka na kumwamsha mlalaji nusunusu. Misuli ya koo hukaza. Njia hufunguka kwa kishindo, na usingizi hurudi. Asubuhi, mwenyewe hakumbuki lolote isipokuwa kwamba ameamka mchovu.

Ukali wa maradhi hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi katika saa moja ya usingizi njia ya hewa huziba, ama kabisa ama kwa sehemu, kwa muda usiopungua sekunde 10. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali hafifu. Mara 15 hadi 29 ni ya wastani. Mara 30 au zaidi ni hali kali. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe: mtu anayezibwa pumzi mara 30 kwa saa, akilala saa 8, hukatizwa usingizi mara 240 kwa usiku mmoja. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata fursa ya kuketi usiku kucha katika maabara ya usingizi, nikitazama kalamu za mitambo zikichora pumzi, mapigo ya moyo na mawimbi ya ubongo ya watu wa namna hiyo. Nadhani yeyote aliyeiona michoro ile mara moja hawezi tena kuuita mkoromo wa aina hii usingizi mtamu.

Swali linalofuata ni hili: kwa nini njia izibe hapo kooni na si mahali pengine? Jibu limo katika maumbile. Pua imejengewa mfupa na gegedu. Bomba la hewa liendalo mapafuni limezungushiwa pingili za gegedu, nazo hulizuia lisibonyee. Lakini baina ya sehemu hizo mbili ipo nafasi ya sentimita chache, nyuma ya ulimi na kaakaa laini, ambayo kuta zake ni nyama tupu. Tunapokuwa macho, misuli, hasa ule mkubwa wa ulimi, huishikilia nafasi hiyo iwe wazi. Tunapolala, misuli hiyo hulegea. Kwa mtu ambaye njia yake ni pana, kulegea huko hakumdhuru. Kwa mtu ambaye njia yake ni finyu tangu awali, hutokea lile linalotokea mtu anapofyonza kinywaji kizito kwa mrija wa karatasi uliolowa: kadiri anavyofyonza kwa nguvu ndivyo kuta za mrija zinavyobonyea na kugandana.

Hapa mwanafunzi wa fizikia ataikumbuka kanuni ya Poiseuille, mtaalamu wa Kifaransa wa karne ya 19. Kanuni hiyo inasema kwamba, maji au hewa ikipita kwa utulivu katika bomba, ukinzani wa bomba hilo hubadilika kinyume na kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Yaani nusu kipenyo kikipungua hadi nusu yake, ukinzani huongezeka mara 16. Koo la binadamu si bomba la kioo, na hewa ndani yake haipiti kwa utulivu wakati wote. Hata hivyo kanuni hiyo inatufahamisha kwa nini milimita chache za mafuta, zikiwa mahali pabaya, huweza kuleta tofauti kubwa namna hiyo.

Na hilo ndilo kiini cha hoja yangu: mahali. Mwili wa binadamu una mifupa, misuli, maji na mafuta, na mizani huvijumlisha vyote bila ya kuvibagua. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayaibani njia ya hewa. Mafuta ya shingoni, ya kuta za koo na ya ndani ya ulimi wenyewe huibana moja kwa moja. Nayo mafuta yanayorundikana ndani ya tumbo, yakizunguka matumbo na ini, hufanya kazi kwa njia ambayo watu wengi hawaitarajii. Mtu mwenye kitambi anapolala chali, tumbo huisukuma kiwambo kuelekea juu. Mapafu hubaki na hewa kidogo kuliko kawaida. Katika hali ya kawaida mapafu yaliyojaa huvuta bomba la hewa kuelekea chini, na mvuto huo huzinyoosha kuta za koo zisilegee. Mapafu yakikosa hewa ya kutosha, mvuto hupungua na koo hulegea zaidi. Kwa maneno mengine, kitambi kinaweza kumkaba mtu koo kutoka mbali.

Zaidi ya mafuta, maji nayo yana sehemu yake. Watafiti wa Toronto, Kanada, wameonyesha kwamba maji yanayojikusanya miguuni mchana, hasa kwa mtu anayeketi muda mrefu au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, hupanda usiku anapolala na mengine hufika shingoni, yakaongeza ufinyu wa njia ya hewa.

Sasa tukitazame kipimo ambacho shule na zahanati zetu hukitumia kila siku. Katika miaka ya 1830 mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, alionyesha kwamba uzito wa watu wazima huelekea kukua sawasawa na mraba wa urefu wao. Kutokana na hilo tumepata kipimo cha kugawa uzito kwa kilo kwa mraba wa urefu kwa mita. Matokeo yakiwa 25 au zaidi mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na yakiwa 30 au zaidi huhesabiwa kuwa mnene wa kupindukia. Quetelet alikuwa akitafuta wastani wa jamii. Hakukusudia kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Tuchukue watu wawili, kila mmoja ana kilo 90 na urefu wa mita 1.75. Wote wawili watapata 29.4. Mmoja ni mpagazi wa bandarini ambaye uzito wake umo katika misuli ya miguu na mgongo. Wa pili hukaa ofisini kutwa, na uzito wake umo shingoni na tumboni. Kipimo hiki kinawaita ndugu mapacha. Koo zao usiku hazitakubali undugu huo.

Ndiyo maana madaktari wa usingizi huchukua utepe. Mwanamume ambaye mzunguko wa shingo yake umefikia sentimita 43, na mwanamke aliyefikia 41, hushukiwa kuwa katika hatari kubwa zaidi. Utepe huo pia unatusaidia kuelewa kwa nini maradhi haya huwapata wanaume zaidi ya wanawake: wanaume huelekea kuweka mafuta shingoni na tumboni, ilhali wanawake huyaweka zaidi nyongani na mapajani, ingawa tofauti hiyo hupungua mwanamke akoma hedhi. Wala misuli haileti kinga kamili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 uliwakuta wachezaji wa kulipwa wa kandanda ya Kimarekani, vijana wenye nguvu na shingo nene, wakiwa na apnia kwa kiwango kilichozidi matarajio kwa watu wa umri wao.

Je, uhusiano huu ni wa sababu na matokeo, au ni vitu viwili vinavyofuatana tu? Msomaji makini hana budi kuuliza hivyo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, ambao uliwafuatilia watu 690 kwa miaka minne. Aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10 alitarajiwa kuongezewa vituo vya pumzi kwa asilimia 32 hivi; aliyepungua kwa asilimia 10 alitarajiwa kupunguziwa kwa asilimia 26 hivi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikwenda hatua moja mbele. Waliwapiga picha za sumaku watu 67 wanene wenye apnia, kabla na baada ya kupungua uzito kwa karibu asilimia 10. Maradhi yalipungua kwa asilimia 31, na katika sehemu zote za koo walizozipima, badiliko lililohusiana zaidi na nafuu hiyo lilikuwa kupungua kwa mafuta ya ndani ya ulimi. Ulimi, ambao wahenga wetu wametuusia tuuchunge kwa maneno yake, kumbe unahitaji kuchungwa na kwa mafuta yake.

Hata hivyo tusivuke mpaka wa ushahidi. Si kila mnene ana apnia, wala si kila mwenye apnia ni mnene. Mtu mwembamba mwenye taya dogo au lililorudi nyuma huweza kuugua sana. Na katika Asia ya Mashariki maradhi haya huonekana mara nyingi kwa watu wenye uzito wa chini kuliko Wazungu wanaougua. Kwa hiyo mwembamba asijisifu, na mnene asidhihakiwe. Tena, apnia yenyewe huchangia unene: aliyekosa usingizi huchoka, hutembea kidogo na kutamani vyakula vizito, hivyo akawa katika duara ambalo si rahisi kulivunja kwa kuhimizwa tu ajitahidi. Anayemcheka mtu wa namna hiyo hajaielewa fiziolojia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya matajiri, na kwamba nchi inayopambana na malaria na vifo vya uzazi haina nafasi ya kuchunguza mikoromo. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali, kwa sababu tatu. Ya kwanza, unene si wageni tena kwetu: uchunguzi wa afya ya jamii wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Ya pili, apnia huambatana na shinikizo la damu, na mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki licha ya dawa anastahili kuulizwa jinsi anavyolala. Swali hilo halina gharama. Ya tatu ni barabara. Mwaka 1999 watafiti wa Hispania waliwalinganisha madereva 102 waliopata ajali na watu 152 wasiopata. Uwezekano wa kuwa miongoni mwa waliopata ajali ulikuwa kama mara sita kwa wenye apnia. Tangu mabasi yetu ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, tumezungumza sana juu ya mwendo kasi na breki, na ni haki tuzungumze. Lakini ni mara chache tumeuliza kama dereva huyo, akilala saa nane, kweli amelala.

Sasa nije kwa walimu, ambao kwao hasa nimeshika kalamu. Kwa watoto maradhi haya yana sura nyingine. Unene unazidi kuwa sababu, lakini kwa wengi sababu kubwa ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizovimba. Tena mtoto mwenye apnia si lazima asinzie: pengine huhangaika, hasikilizi, hugombana, akaitwa mtukutu. Mwaka 1998 ulichapishwa nchini Marekani uchunguzi wa watoto 297 wa darasa la kwanza, wote wakiwa katika sehemu ya kumi ya chini kabisa ya darasa kwa maksi. Watoto 54 kati yao, yaani asilimia 18, walikutwa na matatizo ya pumzi usingizini. Wazazi wa 24 walikubali watoto wao wapasuliwe kuondoa nyama hizo, na mwaka uliofuata maksi za watoto hao zilipanda. Za wale ambao hawakutibiwa hazikupanda. Idadi hiyo ni ndogo, na tafiti za baadaye zilizofanywa kwa uangalifu zaidi zimeonyesha nafuu kubwa katika tabia na usingizi wa mtoto kuliko katika mitihani ya umakini. Lakini fundisho kwa mwalimu linabaki pale pale: miongoni mwa watoto tunaowaita wavivu na wazito wa kuelewa, wamo ambao usiku kucha hupigania pumzi.

Sisemi kwamba kila anayesinzia darasani ana apnia. Wengi wamekosa usingizi tu, kwa sababu ya kazi za nyumbani, mwendo mrefu wa kufika shuleni, kusoma usiku wa manane au simu. Wengine wana malaria au upungufu wa damu. Ninachosema ni kwamba kiboko hakitofautishi baina ya hao wote, ilhali maswali yanaweza. Je, mwanafunzi huyu hukoroma karibu kila usiku? Je, wenzake wa bwenini wamewahi kusikia pumzi yake ikikatika kisha akashtuka? Je, hulala kinywa wazi, na huamka na maumivu ya kichwa? Kiranja wa bweni anaweza kuyajibu hayo bila mtambo wowote. Majibu yakiwa ni ndiyo, mzazi aandikiwe barua, na mtoto apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Adhabu na isubiri.

Kwa upande wa masomo, napendekeza zoezi linaloweza kufanyika katika shule yoyote. Wanafunzi wa biolojia watafute watu wazima 20 wenye hiari, wawapime urefu, uzito, mzunguko wa shingo na mzunguko wa kiuno, bila kuandika majina. Wakokotoe kipimo cha Quetelet, kisha wachore grafu ya shingo dhidi ya kipimo hicho. Wataona nukta zikipanda kwa jumla, lakini hazitakaa juu ya mstari mmoja. Watawaona watu wenye kipimo kile kile ambao shingo na viuno vyao vinatofautiana kwa sentimita kadhaa. Kutoka katika grafu hiyo watajifunza takwimu, fizikia na anatomia kwa mkupuo, na watajifunza jambo ambalo sura ya kitabu juu ya lishe aghalabu hailisemi: kwamba namba moja haimwelezi mtu. Mwalimu ahakikishe tu kwamba hapimwi mwanafunzi mbele ya wenzake, wala zoezi halileti dhihaka.

Ama kuhusu tiba, ipo. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliripoti jinsi hewa inayosukumwa kwa upole kupitia puani ilivyozuia koo lisizibe kwa wagonjwa watano, na mashine za namna hiyo ndizo tegemeo kuu hadi leo. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kwa apnia ya watu wanene, tirzepatidi, inayofanya kazi hasa kwa kupunguza uzito. Vyote viwili ni ghali kwa wananchi walio wengi, nami sidhani kwamba ni busara kwa taifa kungoja vishuke bei. Kulala kwa ubavu badala ya chali, kuacha pombe jioni, kutembea na kufanya mazoezi ya viungo, na kupunguza sukari na mafuta katika chakula huwasaidia wengi, ingawa mwenye hali kali hana budi kumwona daktari.

Maendeleo ya sayansi hayapimwi kwa mitambo peke yake. Hupimwa pia kwa maswali ambayo raia wa kawaida amezoea kuyauliza. Utepe wa fundi cherehani upo katika kila kijiji, na sikio la kumsikiliza aliyelala lipo katika kila nyumba. Tukiwafunza vijana wetu kuvitumia viwili hivyo, na kuyaelewa wanayoyapima na kuyasikia, dereva na mwanafunzi wataulizwa walivyolala kabla ya kulaumiwa kwa kusinzia.